Siwatumii pin ya njia ya mto, na sababu ni hii

Tangu niweke ile vidio ya baiskeli kando ya mto Waseges, inboksi yangu imekuwa na swali moja tu: hapo ni wapi, tuma pin. Wengine wanauliza kwa heshima. Wengine wanaanza na heshima, halafu wakiona siwajibu wanahamia matusi. Kuna msee ameniandikia mara tisa. Kuna mwingine ameniambia ati ninabania Wakenya nchi yao, na hiyo ndiyo imeniuma kuliko zote. Kwa hivyo leo nawajibu wote pamoja. Mkimaliza kusoma mnaweza kunikasirikia, lakini mtakuwa mnajua sababu.

Jibu fupi ni hili: hapo ni Subukia, Kaunti ya Nakuru. Hiyo si siri. Lakini pin ya ile njia yenyewe sitatuma, iwe ni kwa mtu mmoja, kwa klabu ama kwa pesa. Angalau si sasa. Nilishaituma mara moja, na kilichotokea nitawaambia hapa chini.

Kwa wale ambao hawajawahi kufika kwetu, hebu niwapeleke kidogo. Ukitoka Nakuru unapita Bahati, halafu barabara ya Nyahururu inakushusha kwenye bonde. Mbele yako kuna ukuta wa mlima, na barabara hiyo hiyo inaupanda ikielekea Nyahururu. Ikweta iko hapo hapo karibu. Wakatoliki wanapajua kwetu kwa sababu ya kituo cha hija cha Bikira Maria, ambapo watu hujaa kila Oktoba kwa maombi ya kitaifa. Wengine wengi wanapajua kama mahali matatu inasimama unanunua mahindi ya kuchoma, unaendelea na safari.

Ule ukuta wa mlima una stori yake. Tarehe 6 Januari 1928 ardhi ilitetemeka hapa kwa ukubwa wa 6.9, tetemeko kubwa zaidi kuwahi kupimwa Kenya, na ardhi ikapasuka kwa urefu wa kilomita 38 hivi chini ya ule ukuta. Hatukufundishwa hiyo shuleni. Mimi niliijua nikiwa mtu mzima, nikitafuta maneno ya kuweka chini ya picha. Sasa kila nikiendesha baiskeli nikiangalia juu, nakumbuka kwamba bonde tunalolipiga picha halijamaliza kujitengeneza.

Katikati ya bonde kuna Waseges. Mto wenyewe si mkubwa. Kiangazi kuna sehemu unavuka kwa mawe na viatu havilowi. Unaelekea kaskazini, unaingia Baringo, na kule chini watu wanauita Sandai, halafu unamwaga maji Ziwa Bogoria. Hesabu hii: kutoka Nyahururu juu kule mpaka Bogoria ni tofauti ya karibu mita 1,300. Maji yanateremka hizo zote. Hiyo ndiyo inafanya njia iwe tamu kwa mtu wa baiskeli, na hiyo hiyo ndiyo inafanya niogope. Ng'ambo moja una mashamba ya mahindi na kabeji, ng'ambo nyingine makorongo yanayoshuka kutoka mlimani, na wewe uko katikati unateleza kwa vumbi jekundu, breki zinalia. Ile vidio haikuwa na uongo. Ni pazuri vile vile mlivyoona.

Nilichowaficha, na sikujua kwamba nawaficha, ni vitu viwili.

Kitu cha kwanza: ile sehemu mlipenda sana, pale natoka kwa barabara na ghafla niko kando ya mto chini ya miti, si barabara. Ni shamba la mama mmoja. Kuna geti ya mbao, kuna kijia pembeni ya mahindi, halafu ndio mto. Yule mama amenijua tangu nikiwa natumwa maziwa. Siku ile nilienda kwake, nikamsalimia, nikamuomba kupita, akaniambia, "Pita mtoto wangu, lakini ufunge geti." Nikafunga. Wakati wa kuhariri nikakata hizo sekunde zote kwa sababu, kusema ukweli, nani ataangalia mtu akifunga geti?

Kitu cha pili: nilirekodi Februari. Pale navuka mto kwa mawe, kulikuwa na wiki nyingi bila mvua.

Aprili kundi la waendesha baiskeli kutoka Nairobi wakaniandikia. Watu wazuri, na sitaki mtu aanze kuwatafuta. Waliuliza vizuri, wakaniambia wako 11, wana helmeti, wana uzoefu. Nikafurahi. Mtu wa Nairobi kuja kwetu kuendesha baiskeli! Nikawatumia pin, nikaweka na emoji ya moto, nikaendelea na shughuli zangu. Hiyo Jumamosi nilikuwa nimeenda kupiga picha za harusi Nyahururu. Saa tisa hivi mchana mvua ikatupata huko, ile ya kubomoa hema. Tukakimbiza keki ndani ya nyumba. Hata haikunipita akilini kwamba kuna watu nimewatuma kando ya mto chini.

Saa kumi na moja simu ikalia. Alikuwa Guka mmoja wa kwetu, yule mzee wa Black Mamba ambaye watu wa soko wote wanamjua. Kila jioni anabeba mitungi miwili ya maziwa kwa ile baiskeli yake nzito isiyo na gia, na mahali mimi nashuka nikipiga kelele yeye hupita kimya. Akaniambia, "Wewe kijana, hawa wageni wako karibu wanizikishe."

Stori ilikuwa hivi. Wale wageni walifuata pin. Pin iliwapeleka moja kwa moja mpaka geti ya yule mama, na wao wakadhani ni sehemu ya njia, kwa sababu kwa vidio yangu hakuna geti. Wakafungua, wakapita, na wa mwisho hakufunga. Walipofika mahali pa mawe, upande wao jua lilikuwa linawaka. Guka akawapata hapo akiwa na maziwa yake. Yeye aliangalia maji tu akasimama. Yalikuwa yamegeuka rangi, yanabeba majani na vijiti vibichi. Akawaambia wasivuke, wangoje. Mmoja akamwambia, "Mzee, hakuna mvua." Mwingine akawa ameshaingia na baiskeli begani.

Maji yakamfika kwa magoti, halafu kwa kiuno, hapo hapo. Wenzake walimshika mkanda wa begi. Baiskeli ikaenda. Guka anasema kabla mtu amalize sigara, yale mawe yalikuwa hayaonekani tena. Ile baiskeli ilipatikana siku mbili baadaye imekwama kwa mti, rimu imejikunja kama chapati.

Hakuna mtu alikufa. Naandika hiyo peke yake kwa sababu nimeifikiria sana.

Na yale mahindi? Ng'ombe wa jirani waliingia kwa geti iliyoachwa wazi wakala mistari 14 ya mahindi yaliyokuwa yanafika magoti. Wageni walipoambiwa, walimpa yule mama 500. Usiku mmoja wao akaweka kwa stori yake kwamba njia ni moto sana ila wenyeji wa huko wanapenda pesa. Mimi ndiye nilienda kumlipa mama iliyobaki. Nilimlipa na pesa ile vidio iliniletea. Aliichukua bila kunigombeza, akaniuliza tu kama wale wengine wakija watapita pale pale.

Kosa lilikuwa langu. Wageni walifanya makosa yao, lakini mimi ndiye niliwapa ramani isiyo na geti na isiyo na mvua. Mimi nilipita kwa yule mama kwa sababu nilimsalimia na kumuomba. Pin haisalimii mtu.

Sasa mtaniambia, hiyo ni bahati mbaya ya siku moja, usifunge njia nzima. Ngoja kwanza. Twende Naivasha, kaunti yetu hii hii.

Hell's Gate mnaijua. Ni mbuga ya tangu 1984, na ni moja ya zile chache Kenya ambapo unaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Vijana wa pale nje ya Geti ya Elsa wanakodisha baiskeli, wageni wanaendesha kilomita kadhaa wakipita ule mnara wa mwamba wa Fischer, halafu zamani walikuwa wanaacha baiskeli na kuteremka kwa miguu kwenye korongo la Ol Njorowa. Kama kuna mahali Kenya ilionyesha kwamba baiskeli na korongo vinaweza kulisha watu, ni hapo.

Lakini Aprili 2012, vijana 7 wa kanisa moja la Nairobi waliokuwa wamekuja kutembea walikufa kwenye lile korongo, maji yalipokuja ghafla. Septemba 2019 yakatokea tena, na watu 7 wakafa tena. Baada ya hapo korongo likafungwa kwa wageni. Sasa fikiria: ile ni mbuga ya taifa. Ina askari, ina geti, ina tiketi, ina waelekezi. Ikiwa pale maji yamewahi watu mara mbili, mimi na simu yangu ya kioo kilichopasuka nina nini cha kuwalinda watu Subukia?

Na sisi wenyewe hatuhitaji kwenda Naivasha kujifunza. Solai ni jirani yetu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, wakati wa mvua kama hizi hizi, bwawa lilipasuka juu ya kijiji na zaidi ya watu 40 wakafa, wengi wakiwa nyumbani kwao. Hilo lilikuwa bwawa na si mto, najua. Lakini ndiyo sababu mtu mzima wa huku akisikia mvua juu usiku anaamka kusikiliza. Mgeni aliyekuja na pin hana masikio hayo, na si kosa lake.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Ninataka njia ya baiskeli Subukia, tena naitaka kuliko nyinyi. Lakini isianze na pin. Ianze na watu wanaokaa kwenye njia.

Wacha nijibu wale mabeste wangu wanaoniambia nabania vijana riziki, kwa sababu hiyo hoja ina uzito. Wanasema, angalia dunia inaenda wapi. Na wako sawa. Siku hizi kuna watu wanalipa pesa nyingi kuja kuendesha baiskeli kwa barabara zile zile tunazolalamikia kwa sababu hazina lami. Tangu 2021 kuna mashindano ya Migration Gravel Race kule Maasai Mara, na watu wanatoka Ulaya na Marekani kuja kula vumbi. Sule Kangangi, nahodha wa Team Amani, alikuwa anasukuma hiyo ndoto mpaka alipofariki kwenye mashindano kule Vermont, Marekani, Agosti 2022. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara 4, alizaliwa Nairobi na akaanzia baiskeli huku na David Kinjah, kwa vijia vya Kikuyu. Na mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali. Hatuko mbali na hayo mambo. Sisi tuna mlima, tuna bonde, tuna vumbi la bure.

Tena tuna waendeshaji. Hii huwa inanichekesha. Watu wanaandika "njia iliyogunduliwa na" halafu jina langu. Mimi sijagundua kitu! Guka amepita pale na maziwa tangu kabla sijazaliwa. Watoto wanaenda shule na baiskeli pale, wawili kwa moja, mmoja ameketi kwa bomba. Mama wa nyanya anashuka na kreti nyuma. Hiyo ni njia ya baiskeli tayari. Kilichokosekana ni mgeni, na mgeni akija asiwatoe hao barabarani.

Kwa hivyo kwa hoja ya riziki, jibu langu ni swali: riziki ya nani? Siku ile wageni 11 walikuja Subukia. Walikuja na maji yao, vitafunio vyao, gari lao la kubebea baiskeli. Waliacha 500 ya mahindi yaliyoliwa. Mimi nikapata wafuasi. Fundi wa baiskeli pale stejini hakushika hata spoku moja, na mama wa chapati na ndengu hakujua walipita. Ukiniambia pin ni riziki ya vijana wa Subukia, nionyeshe hiyo riziki ilishukia wapi.

Na kuna wale wanaosema barabara ni ya umma, hakuna mtu wa kuniuliza kitu. Kweli. Barabara ya umma pita hata usiku wa manane. Lakini nusu ya ile vidio haikuwa barabara. Kijia cha shamba kinapitika kwa sababu majirani wanaheshimiana, na siku heshima ikiisha mwenye shamba ataweka seng'enge. Akiweka, atakayezungukia mbali si mtu wa Nairobi. Ni Guka na maziwa yake, na watoto wa shule. Hiyo ndiyo bei ambayo hakuna mtu anaiona kwa komenti.

Sasa mnataka kujua nataka nini. Nimekaa na Guka, nimekaa na yule mama, nimekaa na fundi na vijana wawili wa boda. Haya ndiyo tumeongea, na hakuna kitu cha kushangaza ndani.

Moja, njia ichorwe upya. Ipite kwa barabara za umma na ivuke mto kwa daraja tu, hata kama inaongeza kilomita. Mahali ni lazima kupita kwa shamba la mtu, mwenye shamba aulizwe kwanza, na akikataa tunazunguka. Yule mama amesema anaweza kukubali, lakini anataka geti yenye kamba ya kujifunga yenyewe na anataka kujua siku gani watu wanakuja. Ni hayo tu. Mimi nilidhani atataka pesa kwanza. Pesa aliitaja mwisho.

Mbili, simu ya mvua. Hii ni ya Guka. Anasema wao zamani walikuwa wanaangalia mawingu ya juu na rangi ya maji, lakini siku hizi kila mtu ana simu. Kwa hivyo siku ya wageni, mtu mmoja aliye juu upande wa Nyahururu na mwingine katikati wawe wanajulikana, na mvua ikianza juu wapige simu chini. Anayepokea ana haki ya kusema "tunarudi" na hakuna mjadala, hata kama jua linawaka, hata kama mgeni amelipa. Na masika tuanze asubuhi mapema, saa sita mchana kila mtu awe ametoka karibu na mto, kwa sababu mvua ya huku hupenda mchana.

Tatu, mgeni aongozane na mtu wa hapa. Si ati kwa sababu tunapenda pesa. Ni kwa sababu mtu wa hapa anajua kusalimia, anajua mbwa gani ni mkali, na akiona maji yamebadilika hatabishana nayo. Alipwe. Fundi alipwe. Chakula kinunuliwe kwa stejini. Pesa ya njia iingie kwa chama, iandikwe kwa kitabu, kila mwezi isomwe mbele ya watu. Wale tumekulia kwa vyama tunajua kitabu kisiposomwa nini hutokea.

Nne, mto wenyewe. Wageni wale walianza kwa kuosha matope ya baiskeli mtoni na sabuni. Chini ya pale kuna watu wanachota, na chini zaidi kuna mifugo, na mwisho wa maji hayo ni Bogoria, ziwa ambalo liko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2011. Kiangazi maji ya Waseges tayari ni ya kugombaniwa, pampu huku, pampu kule. Sheria ya maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji wa maji ya mto, kwa hivyo watu wa aina hiyo wawe kwa meza kabla ya mtu wa baiskeli. Osha baiskeli yako nyumbani.

Kuna mtu atasema mambo haya ni mengi, kwa nini tusingoje kaunti. Mimi siwakatazi kungoja. Kaunti ikitaka kutuwekea vibao na kurekebisha daraja, karibu sana, na nitawapigia vidio ya bure. Lakini kupiga simu kwamba mvua imeanza juu hakuhitaji bajeti. Kufunga geti hakuhitaji kukatwa utepe.

Na kuna upande wangu, nisijifanye malaika. Mimi naishi na vidio. Ile ya mto ndiyo ilifanya vizuri kuliko zote nimewahi kuweka, na kila wiki sijaweka nyingine kama hiyo naona namba zinashuka. Watu wa matangazo huuliza namba, hawaulizi kama geti ilifungwa. Nimejaribiwa kurudi pale, nipige nyingine na drone, nitupe pin, nichukue yangu. Kuna usiku nilikuwa nimeshaiandika posti. Kilichonizuia ni ile simu ya saa kumi na moja, na kujua kwamba kama Guka angechelewa dakika kumi kwa sababu ng'ombe wake alikataa kusimama, sasa ningekuwa naandika posti ya aina nyingine kabisa.

Ile vidio ya kwanza nimeihariri. Ukiiangalia sasa utaona nimerudisha zile sekunde: namsalimia mama, anajibu, napita, nafunga geti. Nimeandika juu pia kwamba ni Februari na kwamba masika hapo hapapitiki. Kuna mtu ameshakomenti kwamba imekuwa ndefu na inaboesha. Ni sawa. Wengine wa hii kazi, naomba mfanye hivyo hivyo. Ukipiga pahali pazuri, tuonyeshe na geti. Tuambie ni mwezi gani. Kama uliomba ruhusa, tuonyeshe ukiomba, ndio anayekufuata ajue kwamba huombwa.

Kwa wale mnataka kuja: njooni Subukia hata Jumamosi hii. Panda matatu za Nyahururu pale Nakuru, ama lete baiskeli yako, barabara ya lami peke yake ukipanda ule mlima itakutoa roho. Kula stejini. Muulize fundi wa baiskeli njia iko wapi, na yeye atakuambia ni nani wa kupeleka watu na kama leo kunapitika. Akikuambia leo hapana, ni hapana.

Na kwa wale wa kwetu Subukia, Kabazi, Waseges na kule chini Baringo mnaosoma hii: mimi naweza kuwa nimeona upande mmoja tu wa mto. Kama njia inapita kwenu na hamtaki wageni, semeni hapa chini. Kama mnataka, semeni mnataka vipi. Wa Nairobi, ngojeni kidogo kwanza. Wacha wenye geti waongee.